Abiria wa Saa Saba

Jambo lenyewe lilianza dogo, dogo kiasi cha kuchekwa: rimu nne zilizolazwa kivulini tangu asubuhi zilikutwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua la karakana ile halikuwahi kuvuka kizingiti. Lilikuwa joto la gurudumu lililotoka safari ndefu, na chuma kilikuwa kinapoa kwa mlio wake wa taratibu, tik, tik, tik, kama sufuria iliyoepuliwa. Milimita aliweka kiganja juu ya rimu ya kwanza akakiondoa upesi.

Alimuuliza mumewe nani amezianika. Mumewe, fundi wa viti vya magari ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alijibu bila kuinua macho kwenye mshono wake kwamba rimu si mahindi. Wakacheka, yakaishia hapo.

Milimita alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kumwambia mteja "hii itaingia" kabla hajapima. Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na kalipa ya shaba, kile kipimo cha midomo miwili kinachobana kitu na kusema unene wake. Alirithi na kanuni moja: rimu isiyosomwa haiuzwi. Kila rimu ina tarakimu zilizogongwa upande wa ndani, upana wake na mwaka wake, na mara nyingi zimefukiwa na rangi na kutu, kwa hiyo sharti ukwangue. Baba aliwahi kuuza moja bila kuisoma, ikapasuka barabarani na mtu akabaki na mguu mmoja. Tangu hapo alikwangua mpaka za baiskeli.

Mzee huyo alifia mle mle karakanani, mchana mmoja, ameketi kwenye kigoda chake alichokitengeneza kwa rimu kuukuu. Kifo hakikuwashangaza watu, umri ulikuwa umeshakwenda. Kilichowashangaza ni viatu. Alinunuliwa vipya mwezi ule ule, magoti yalikuwa yamemfunga asivuke hata barabara, na soli zikakutwa zimelika mpaka kwenye uzi. Ndugu walisema mzee alikuwa anakula viatu, wakacheka huku wanalia. Kigoda akakirithi Sindano, akakivika sponji na ngozi nyekundu, na tangu hapo hakushonea mahali pengine.

Sasa gari. Lilikuwa la daktari wa meno mstaafu, gari dogo la zamani lenye mgongo wa mviringo, na mtu ambaye angempokonya daktari gari lile angekuwa amempokonya mke wa pili. Injini ilikuwa imepelekwa kwa fundi wa kuchonga vyuma, viti vikawa vya Sindano, na magurudumu ya Milimita. Rimu ambazo gari lilikuja nazo zilikuwa za pikapu, zimelazimishwa, gari linayumba kama mlevi. Milimita akapima: matundu matano ya bolti, umbali kati yao, tundu la katikati, inchi kumi na tano. Akagundua na jambo lingine ambalo mafundi wa siku hizi hawalijui: upande wa kushoto wa gari lile nati zimekatwa kinyume, unazifungua kwa kuzungushia kulia, ili mwendo wa gurudumu usije ukazilegeza.

Alitafuta miezi miwili. Alizunguka majalala ya vyuma, akapiga simu mpaka sikio likawaka, akaletewa rimu zinazofanana kwa macho na kukataa kwa kalipa. Mwisho alizikuta uani kwa bibi mmoja, mjane wa dereva wa teksi, upande wa pili wa mji. Rimu nne zililazwa kifudifudi chini ya pipa la maji, zimepakwa lami nzito upande wa ndani. Milimita aliuliza ya tano, ile ya akiba, maana seti ni tano. Bibi akasema zilizopo ni nne.

Kisha akamshika mkono, na mkono wa bibi ulikuwa mkavu na wenye nguvu.

"Mwanangu, zipake rangi yoyote utakayo, lakini juu ya hiyo lami. Usizikwangue."

"Nimesikia, bibi."

Kusikia alisikia. Lakini alipofika karakanani aliziweka mbele yake akamwona yule mtu wa mguu mmoja, akachukua brashi ya waya. Kwenye rimu ya kwanza tarakimu zilitokea, na pembeni yake, kuzunguka duara zima, vikatokea vialama vidogo vilivyochorwa kwa msumari, vimefuatana kama njia ya sisimizi. Akadhani ni alama za dereva za kuzuia wezi, akaviondoa ili tarakimu zisomeke vizuri. Akafanya hivyo ya pili, na ya tatu. Ya nne alipoona tarakimu tu brashi ikaisha nyuzi, akaiacha na sisimizi wake.

Kesho yake ndipo zikakutwa na joto.

Alizipaka rangi, akavalisha matairi, akazifunga kwenye gari Jumatatu. Jumanne Sindano alimwita aje aone kitu. Kiti cha nyuma alichokuwa amekijaza sponji mpya kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, umbo la mtu aliyekaa akaegemea. Sindano akamtania kwamba kuna mteja anakuja kulala mchana. Akaongeza sponji, akashona upya. Jumatano kikabonyea pale pale, na ndani ya gari mlikuwa na harufu ya breki zilizoungua, ile harufu kali ya gari lililoteremka mlima mrefu.

"Umekaa wewe?" Milimita aliuliza.

"Nikae nifanye nini? Nina kigoda changu."

Milimita hakucheka. Alikuwa amechungulia dashibodi. Kila gari lililoingia aliliandika kilomita zake daftarini, na hili liliingia na elfu tisini na tisa, mia nne na kumi na mbili. Sasa ilisoma mia sita na tano, na gari halikuwa na injini. Alitoka, akafungua boneti, akatazama lile shimo tupu, akaifunga tena pole pole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Alhamisi aliona viatu. Sindano alikuwa amevua kimoja anakung'uta mchanga mwekundu, mchanga ambao haukuwepo mtaani kwao, na soli ilikuwa imetoboka. Viatu hivyo alimnunulia yeye mwenyewe wiki tatu nyuma. Alimuuliza amekwenda wapi. Sindano alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa, akasema hajaenda popote, kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba barabara ya huko imeharibika sana. Alipoulizwa huko wapi alisema hajui kwa nini amesema hivyo. Chakula hakukigusa. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kwa siku tatu tu, na Milimita aliogopa, aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa tangu siku ya mazishi ya baba yake.

Ijumaa aliamua kumlinda. Alikaa mlangoni kuanzia saa tano, kalipa mfukoni, jicho kwa mumewe. Ilipotimia saa saba jua likasimama utosini, mtaa ukanyamaza kama mtaa uliohamwa, na Sindano akaweka sindano yake chini katikati ya mshono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akainuka kwenye kigoda, akaenda kwenye gari, akakaa nyuma ya usukani. Milimita alimfuata akimwita kwa jina lake la kweli, lile la nyumbani, lakini mlango ulikuwa mgumu kama umechomelewa, na kupitia kioo alimwona mumewe ameshika usukani kwa mikono miwili, macho wazi hayapepesi, jasho linamtiririka, na usukani ulikuwa unakwenda kidogo kushoto, kidogo kulia, kama wa mtu anayekwepa mashimo, na kwenye dashibodi tarakimu zilikuwa zinapanda moja baada ya moja, na nyuma, upande wa kushoto, ngozi ya kiti ilikuwa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, kwa pumzi ya kitu kilichoketi pale na kisichoonekana isipokuwa mahali kilipobonyeza.

Alikimbilia spana ya msalaba, akapiga magoti, akaing'ang'ania nati ya gurudumu la mbele. Nati ilimuunguza. Ndani ya gari Sindano alipiga ukelele.

"Usinishushe njiani! Tuko kwenye mwendo, mke wangu, usinishushe!"

Akaiacha. Alikaa chini akilia hadi saa nane, mlango ulipofunguka wenyewe na mumewe akatoka akiuliza kwa nini amekaa kwenye vumbi. Dashibodi ilisoma elfu tisini na tisa, mia tisa na tatu. Milimita hakuhitaji kalipa kwa hesabu ile. Safari ya kila mchana ilikuwa karibu kilomita mia. Tarakimu zilikuwa tano tu, na kesho zingegeuka zote kuwa sifuri. Jioni alijaribu nati zote ishirini, hata moja haikulegea.

Jumamosi alfajiri alikuwa uani kwa bibi. Hakuwa na haja ya kueleza mengi, bibi alimwangalia viganja vyenye malengelenge akajua.

"Umekwangua."

"Nimekwangua, bibi. Nisamehe. Ni mume wangu."

Bibi alimsimulia kwa maneno machache. Marehemu mumewe alimpakia abiria mchana mmoja wa jua kali, abiria akaketi nyuma kushoto, akaulizwa anakwenda wapi, akasema twende tu. Hakushuka tena. Kila saa saba alidai kupelekwa mbele kidogo, na dereva alikuwa anarudi amekonda zaidi. Kaka yake bibi, aliyejua mambo hayo, ndiye aliyechora rimu ili magurudumu yasimtii abiria yule tena, akazitia lami, akamwambia dada yake azilaze kifudifudi na kuziwekea uzito. Gari likauzwa bila miguu, likachakaa likafa. Huyo jini, alisema bibi, hapandi gari, anapanda rimu. Gari lolote likizivaa analihesabu lake.

"Na tarakimu zikigeuka?"

"Zikigeuka, safari inaanza upya, na dereva hana pa kurudi. Mume wangu zilibaki kilomita sita." Alifunga kanga yake vizuri, akachukua chupa ya maji. "Kaka yangu ameshakufa. Wewe ndiye uliyefuta, wewe ndiye utakayeandika. Umebakiza hata moja?"

Milimita aliikumbuka brashi iliyoisha nyuzi, akamshukuru Mungu kwa brashi mbovu.

Basi liliwaharibikia njiani, wakafika saa saba kasoro dakika nne. Sindano alikuwa tayari nyuma ya usukani. Bibi alisimama dirishani upande wa kushoto, akaanza kusoma maneno ndani ya chupa ya maji, na kunyunyiza kioo, na kusoma, na kunyunyiza. Alimwambia Milimita kwamba saa ileile ya safari nati zitamtii aliyezifunga, lakini nati atakayoikosea upande itajifunga moja kwa moja, na asijibu sauti yoyote.

Gari lilikuwa bado juu ya jeki tangu jana jioni. Alianza na gurudumu la mbele kulia, lenye sisimizi wake, akalilaza chini liwe nakala. Kisha la nyuma kulia. Chuma kilichoma kupitia glavu. Alichora kwa msumari, alama moja baada ya moja, bila kujua zinasema nini, jicho lake likipima nafasi kati ya alama na alama kama linavyopima matundu ya bolti, na alipofunga duara chuma kilipoa ghafla mkononi mwake. Ndani ya gari kitu kilivuta pumzi kwa nguvu. Akalirudisha.

"Mia tisa na sabini na mbili," bibi alisoma kupitia kioo.

Akahamia kushoto. Harufu ya breki ilikuwa nzito kiasi cha kuonekana, jasho lilikuwa linamwingia machoni, tarakimu zilikuwa zinakwenda mbio kuliko jana, na kwenye kioo cha mlango wa nyuma, palipokuwa na maji ya bibi, palitokea ukungu wa pumzi kutoka ndani, ukaondoka, ukatokea tena karibu zaidi na uso wake. Alifungua gurudumu la nyuma, akachora, likapoa. Bibi alisoma mia tisa na tisini na moja. Likabaki la mbele kushoto. Akaiweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Fundi," ilisema sauti ya Sindano juu ya kichwa chake, ile ile ya utani wa kila asubuhi. "Unafungua upande gani? Zungushia kushoto, kama kawaida. Umechoka wewe."

Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda kushoto. Nati zote duniani hufunguka kushoto, mkono unalijua hilo hata usingizini. Lakini katika miaka kumi na sita ya ndoa Sindano hakuwahi kumwelekeza juu ya nati hata moja. Spana aliiogopa kama paka anavyoogopa maji. Milimita aliuma mdomo, akazungushia kulia. Ikafunguka. Zikafunguka zote tano. Akachora huku sauti ikibembeleza, ikatukana, ikalia kwa kilio cha mumewe, ikamwita mama, na bibi akisoma tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa, na tarakimu ya mwisho ilipoanza kujiviringisha kuelekea sifuri, ikiwa nusu juu nusu chini, msumari ulikutana na alama ya kwanza na duara likafunga.

Kiti cha nyuma kilipanda taratibu, kikajaa. Mtaani mbwa alibweka, mtu akawasha redio. Sindano alifungua mlango, akaangusha mguu mmoja nje, akasema ana njaa.

Milimita alimkumbatia mbele ya bibi bila haya.

Jumatatu asubuhi alipeleka rimu zote nne alikozitoa, zimetiwa lami upya. Daktari wa meno aliambiwa kwamba hazikufaa, akanuna, akaondoka na gari lake linavutwa kwa kamba, juu ya zile za pikapu. Milimita na bibi walizilaza kifudifudi, wakasukuma pipa juu yake. Milimita alikuwa mwepesi wa moyo, anajiuliza ampikie nini mumewe, aliyekuwa amelala siku nzima jana na leo kaamka anaimba. Bibi alikuwa anahesabu kwa kidole.

"Ile ya tano ndiyo inayonisumbua," alisema. "Mume wangu aliiuza kabla hatujajua kwamba dawa inazishika rimu zote tano pamoja. Miaka thelathini sasa. Alimuuzia fundi mmoja wa rimu, mtu mrefu, alikuwa anatembea na kalipa ya shaba."

Milimita aliweka mkono kwenye mfuko wa aproni, akaishika.

Alikuwa na miaka kumi. Baba alimpa brashi ya waya na rimu yake ya kwanza, akamwambia mwanangu kwangua, tafuta namba. Namba ilitokea. Akauliza na hawa wadudu wanaofuatana hapa ni nini. Baba akacheka, akasema hao ni sisimizi, wafute. Aliwafuta wote, vizuri sana, akasifiwa. Rimu ile haikupata gari la kuingia, kwa hiyo baba akaigeuza kigoda. Miezi miwili yeye alizunguka mji mzima na haikumjia hata siku moja kupima kitu anachokalia mumewe.

Hakumuaga bibi. Alikimbia mpaka barabarani, akapanda gari la kwanza, akamsihi dereva akaze mwendo. Alijiambia saa saba bado, bado sana. Alijiambia chuma kile kimelala miaka yote na Sindano hajambo, kisha akaviona vile viatu vya baba yake, na hakuweza kujiambia kitu kingine.

Karakana ilikuwa wazi. Sindano alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mgongo mlangoni, ametulia, viatu vipya miguuni. Milimita alisimama kwenye kizingiti akashusha pumzi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Akaisikia. Tik, tik, tik, kutoka chini ya ngozi nyekundu.

Alisogea akazunguka mbele yake. Kwenye mapaja ya mumewe hapakuwa na mshono wowote. Mikono ilikuwa imeinuka kidogo, vidole vimekunjwa kwenye duara lisiloonekana, na soli za viatu vipya zilikuwa na mchanga mwekundu.

"Fundi," alisema Sindano kwa upole, bila kupepesa, "anauliza pale njia panda tunakata kushoto, au tunanyoosha?"